Kamera ya Video Inayorekodi kwenye Diski: Tathmini ya Mmiliki

Kamera ya video inayorekodi moja kwa moja kwenye diski ndogo ya DVD ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa aina moja: yule anayetaka jamaa zake waitazame sherehe usiku uleule, sebuleni, kwa deki iliyokwisha kuwapo, bila kompyuta na bila kumsubiri fundi wa studio. Kwa mtu huyo kamera hii ilitimiza ahadi yake, na nitaitetea. Kwa anayetaka kuhariri, kutunza picha kwa miaka mingi, au kurekodi mahali penye giza na purukushani, ilikuwa na masharti mengi ambayo wauzaji hawakuyaeleza, na baadhi ya masharti hayo yanawagharimu wenye nazo mpaka leo. Ninayo ya daraja la chini, ya mwaka 2006, ya PAL, mfumo wa televisheni unaotumika huku. Imerekodi harusi, mahafali, maulidi na safari za familia kati ya Dar es Salaam na Tanga, na bado inawaka. Naandika sasa kwa sababu kamera hizi zinaendelea kuuzwa katika maduka ya mitumba kwa bei ya chini inayovutia, na kwa sababu nyumba nyingi zina diski zake kabatini ambazo hazitangoja milele.

Hitachi ndiyo iliyotangulia, mwaka 2000, kwa kamera yake ya DZ-MV100 iliyotumia diski za DVD-RAM. Sony iliingia mwaka 2003 kwa mfululizo wa Handycam za DVD ulioanza na DCR-DVD100, na Panasonic, Canon na Samsung nazo zikawa na za kwao. Zote zilitumia diski yenye kipenyo cha sentimita 8, ndogo kuliko DVD ya kawaida ya sentimita 12, lakini yenye tundu lilelile la katikati na inayokaa vizuri katika kile kishimo cha ndani kwenye trei ya deki. Wakati huo wengi wetu tulikuwa tumezoea kamera za kanda, kuanzia zile za Hi8 hadi MiniDV. Ukimaliza kurekodi kwa kamera ya kanda, ulikuwa na kazi ya pili ya kuchomeka nyaya kwenye televisheni, au kuihamisha kanda nzima kwenye VHS kwa muda uleule uliotumia kurekodi. Deki za DVD za bei nafuu zilipoenea katika nyumba za mijini, wazo la kuichomoa diski kutoka kwenye kamera na kuitumbukiza kwenye deki lilikuwa na mvuto ambao si vigumu kuuelewa.

Mvuto huo ulikuja na hesabu ngumu. Diski ya upande mmoja na tabaka moja hubeba gigabaiti 1.4. Kwa ubora wa juu, ambapo kamera huandika takriban megabiti 9 kwa sekunde, hiyo ni dakika 20. Kwa ubora wa kati, megabiti 6, ni dakika 30 hivi, na kwa ubora wa chini, megabiti 3, ni kama saa nzima. Zilikuja baadaye diski za tabaka mbili zenye gigabaiti 2.6, zilizofikisha kama dakika 35 kwa ubora wa juu, lakini kamera za mwanzo hazikuzisoma na bei yake haikuwa rafiki. Mtu aliyezoea kanda ya MiniDV ya dakika 60 alijikuta akibadilisha diski mara kadhaa katika hafla moja. Kubadilisha nako si kitendo cha papo hapo. Kamera hufunga hesabu zake kwanza, taa ya kuandika inazimika, unafungua kifuniko, unaweka diski mpya, inazunguka na kutambuliwa, na kama ni ya kufutika hutayarishwa upya. Katika ndoa ya Kiislamu, ambapo kauli ya bwana harusi ya kukubali hutamkwa kwa sekunde chache, mpigaji mwangalifu hubadilisha diski mapema hata kama ile ya kwanza bado ina nafasi.

Pamoja na hayo, kuna jambo moja ambalo diski ililifanya vizuri kuliko kanda, na kwangu ndilo linaloistahilisha sifa. Kila unapobonyeza kitufe cha kurekodi, kamera inaandika mahali patupu. Haiwezekani kurekodi juu ya picha ya jana kwa sababu tu mtoto ameirudisha kanda nyuma ili atazame na hakuna aliyekumbuka kuipeleka mbele. Kila kipande hujitokeza kwenye skrini kama picha ndogo, unaigusa na inacheza palepale, bila kupeleka mbele wala kurudisha nyuma. Mzee ambaye hajawahi kushika kompyuta anaelewa mpangilio huo kwa kuutazama. Nimeshuhudia bibi wa miaka mingi akichagua mwenyewe, kwa rimoti ya deki, kipande anachokitaka katika harusi ya mjukuu wake, na kukirudia kadiri alivyopenda. Teknolojia nyingi za baadaye zilizo bora kwa picha hazijampa nafasi hiyo, kwa kuwa video siku hizi hukaa ndani ya simu ya mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye sharti kubwa kuliko yote, ambalo kila mmiliki wa kamera hii anapaswa kulielewa: kuifunga diski. Diski iliyotoka kurekodiwa haisomeki kwenye deki nyingi, wala kwenye kompyuta nyingi. Picha zimo, lakini ramani yake haijaandikwa. Deki inapopokea diski hutafuta kwanza eneo la mwanzo lenye taarifa za diski, kisha folda ya VIDEO_TS yenye mafaili yanayoieleza kila sura iko wapi. Wakati wa kurekodi, kamera huziweka taarifa hizo kwa namna yake ya muda, kwa sababu bado inategemea kuongeza vipande vingine. Kuifunga diski ni kuiamuru kamera iandike ramani ya kudumu pamoja na maeneo ya mwanzo na mwisho. Baada ya hapo diski ya DVD-R, ile inayoandikwa mara moja tu, haiongezwi kitu tena. Kabla ya hapo, inasomeka kwa uhakika kwenye kamera iliyoirekodi tu, na wakati mwingine kwenye kamera nyingine ya kampuni ileile.

Madhara ya sharti hilo hayaonekani siku ya sherehe. Yanaonekana miaka kumi baadaye, kamera ilipokwisha kuuzwa, kuibwa au kuharibika, na mtu anaitoa kabatini diski iliyoandikwa jina la marehemu baba yake, anaiweka kwenye deki, na deki inasema hakuna kitu. Watu wengi huitupa diski kama hiyo wakiamini kuwa imekufa. Mara nyingi haijafa, na nitaeleza baadaye la kufanya. Hata hivyo ni kasoro ya usanifu kwamba chombo kilichouzwa kwa ahadi ya urahisi kiliiweka hatua ya lazima namna hiyo ndani ya menyu, na kumwachia mnunuzi aigundue. Kamera ingeweza kumkumbusha mtumiaji kila anapoitoa diski isiyofungwa. Baadhi zilifanya hivyo, nyingine hazikufanya.

Kuifunga kwenyewe kuna tabia inayowashangaza wengi. Diski yenye picha chache inaweza kuchukua muda mrefu zaidi kuliko iliyojaa, kwa sababu deki zinahitaji diski iwe na kiwango fulani cha eneo lililoandikwa, na kamera hulazimika kulijaza lililo tupu. Kwa hiyo aliyerekodi dakika tatu za mtoto akipokea cheti, kisha akataka kuwaonyesha jamaa mara moja, ndiye anayengoja zaidi. Wakati wote huo kamera isiguswe, isitikiswe na isikatiwe umeme, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo diski inaweza kuharibika kabisa. Ndiyo sababu watengenezaji waliagiza kamera ichomekwe ukutani wakati wa kufunga, na isitegemee betri.

Agizo hilo lina mantiki mahali ambapo umeme wa ukutani ni wa kuaminika. Mwaka 2006 ukame ulishusha maji katika mabwawa ya kuzalisha umeme, likiwamo la Mtera, na Dar es Salaam iliishi kwa mgawo. Kuifunga diski ya harusi katika hali hiyo kulikuwa ni jambo la kupanga saa: ama usiku umeme unapotulia, ama kwa kuichomeka chaja kwenye UPS ya kompyuta, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ule wa ukutani unapokatika, njia ambayo mpaka leo naiona kuwa ndiyo salama kuliko zote. Jenereta ndogo inayopandisha na kushusha umeme siishauri hata kidogo kwa kazi hii.

Aina ya diski unayoichagua huamua mengine yote. DVD-R huandikwa mara moja, inasomeka na deki nyingi zaidi, na ni ya bei ya chini. Ukifuta kipande nafasi yake hairudi. DVD-RW hufutika na kurudiwa, lakini kamera inakuuliza, unapoitayarisha, kama unataka mfumo wa Video au mfumo wa VR, na hapo ndipo wanunuzi walipopotelea. Mfumo wa Video hutoa diski inayosomeka na deki za kawaida. Mfumo wa VR hukuruhusu kukata na kupanga vipande ndani ya kamera yenyewe, jambo zuri sana, lakini deki nyingi za bei nafuu zilizojaa katika masoko yetu haziutambui, na kompyuta huonyesha folda yenye jina la DVD_RTAV na faili moja kubwa lenye mwisho wa VRO ambalo mtu wa kawaida hajui alifungue kwa programu gani. DVD+RW ina faida ya kusomeka kwenye deki nyingi bila kufungwa, lakini si kila kamera inaikubali. Kwangu mimi uamuzi uko wazi: DVD-R kwa tukio lisilorudiwa, DVD-RW katika mfumo wa Video kwa mazoezi na safari. Mfumo wa VR unamfaa tu mwenye deki aliyoijaribu mwenyewe.

Diski zisizo na jina, zinazouzwa kwa mafungu, ni hatari ambayo haifai kubebwa ili kuokoa shilingi chache. Kamera inaweza kuikubali diski mbovu mwanzoni na kuikataa katikati ya hotuba. Tabaka la rangi linalopokea mwale wa leza likiwa halikusambazwa sawasawa, makosa huongezeka kadiri uandikaji unavyoelekea ukingoni, kwa kuwa DVD huandikwa kutoka ndani kwenda nje. Ndiyo maana diski mbovu mara nyingi huanza vizuri na kukwama mwishoni, katika kukata keki au dua ya kufunga shughuli.

Hali ya hewa ya Pwani inahitaji uangalifu ambao kitabu cha maelekezo huutaja kwa mistari michache tu. Ukiitoa kamera kwenye gari lenye kiyoyozi na kuifungua nje katika joto la unyevu la Tanga au Mombasa, mvuke wa hewa huganda kwenye lenzi ya leza na juu ya diski yenyewe. Kamera nyingi hutambua unyevu huo na kukataa kufanya kazi, na kulazimisha ni kuharibu. Njia nzuri ni kuifungia kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka kwenye ubaridi na kuiacha ipate joto polepole, ili matone yagande nje ya mfuko. Vumbi na mchanga ni tatizo jingine. Kila unapobadilisha diski unaianika lenzi ya leza, kitu ambacho kamera ya kadi haina haja ya kukifanya. Ufukweni mimi huweka diski mpya ndani ya nyumba kabla ya kutoka, na ikijaa, kazi imekwisha mpaka nirudi.

Kuhusu betri niseme kwa ufupi kwamba mota inayoizungusha diski na leza inayoandika hula umeme kwa kasi, na betri ndogo inayokuja na kamera haitoshi kwa shughuli ya jioni nzima. Betri kubwa ya ziada ni sehemu ya bei ya kamera hii, hata kama muuzaji haisemi.

Picha yenyewe, mchana na kwenye mwanga wa kutosha, ni nzuri kwa kipimo cha wakati wake. Mfumo wa PAL hutoa mistari 576 yenye pikseli 720 kila mmoja, na kwenye televisheni za kioo kinene za miaka ile rangi zilipendeza. Ugumu huanza jua linapozama. Sensa za kamera za daraja la chini ni ndogo sana, hivyo ukumbini hujaa chembechembe zinazorukaruka. Hapo ndipo ubanaji wa picha unapofichua udhaifu wake. Kamera ya MiniDV huandika megabiti 25 kwa sekunde na kuibana kila picha peke yake, ilhali kamera ya diski hutumia MPEG-2, ambayo huandika picha moja kamili kisha, kwa picha kumi na zaidi zinazofuata, huandika hasa kilichobadilika. Mzungumzaji aliyesimama mbele ya pazia hubanwa vizuri kwa njia hiyo. Wanawake wanaocheza msondo chini ya taa za kuzunguka, na chembechembe za giza zikibadilika kila mahali kwa wakati mmoja, hawabaniki. Bajeti ya megabiti 9 inaisha na picha huvunjika vipande vya mraba. Anayerekodi kwa ubora wa chini ili apate saa nzima huona miraba hiyo hata mchana, na kwa sababu hiyo siupendekezi ubora huo kwa jambo lolote unalolijali.

Yapo mambo mawili yanayosaidia sana. La kwanza ni taa ndogo ya betri, au kumwomba mwenye ukumbi asizime taa zote wakati wa kuingia maharusi. La pili ni stendi ya miguu mitatu, ambayo faida yake hapa ni zaidi ya kutuliza mkono: picha ikitulia mandhari ya nyuma haibadiliki, na kamera hupata nafasi ya kuwatendea haki wanaosogea. Stendi hulinda pia uandikaji, kwa sababu diski inazunguka na leza inahitaji utulivu. Kamera ina kumbukumbu ya muda inayosaidia mtikisiko mdogo, lakini kurekodi kutoka ndani ya daladala kwenye barabara ya vumbi ni kuomba kipande kikatike.

Sauti ina kasoro inayotokana na umbo la chombo lenyewe. Maikrofoni imekaa juu ya mwili ambao ndani yake mota inazunguka, na mahali penye utulivu, kama kisomo au mahojiano na mzee chumbani, mvumo wake unasikika chini ya maneno. Kamera chache za madaraja ya juu zilikuwa na tundu la maikrofoni ya nje. Za chini nyingi hazikuwa nalo, na kwa mtu anayetaka kuhifadhi masimulizi ya wazee hilo ni upungufu mkubwa. Kinasa sauti cha pembeni, kilichowekwa karibu na msimulizi, ndicho dawa pekee ninayoijua.

Wanaoishi mbali na nyumbani wanapaswa kujua suala la mifumo. Diski iliyorekodiwa kwa kamera ya Tanzania au Kenya ni ya PAL, kwa hiyo iliyotumwa kwa jamaa Muscat au Uingereza ilicheza bila shida, kwani huko nako ni PAL. Iliyotumwa Marekani au Kanada ilikutana na deki na televisheni za NTSC, mfumo tofauti wa huko, ambazo nyingi huikataa. Watu walidhani tatizo ni ule msimbo wa maeneo ya dunia unaowekwa kwenye DVD za filamu. Diski za kamera hazina msimbo huo. Tofauti ni ya mistari na idadi ya picha kwa sekunde, na kompyuta haijali tofauti hiyo, hivyo ndugu aliye Minneapolis au Toronto aitumie kompyuta.

Kuhariri ni eneo ambalo kamera hii ililipa deni la urahisi wake. Mafaili ya VOB yaliyomo ndani ya diski hayakufunguka katika programu nyingi nyepesi za kuhariri za wakati ule. Aidha, kwa kuwa picha kamili huja kila baada ya nyingi zisizo kamili, kukata mahali popote pengine kunailazimu programu iandike upya, na kila kuandika upya kunapunguza ubora. Studio za harusi zilizojua kazi yao zilibaki na kanda kwa sababu hiyohiyo, na zilikuwa na haki.

Hata hivyo kwa mmiliki wa leo jambo la haraka zaidi ni uhai wa diski zenyewe. DVD-R huhifadhi picha katika tabaka la rangi ya kikemikali ambayo hufifia kwa jua, joto na unyevu, vitu vitatu ambavyo nyumba zetu zinavyo kwa wingi. DVD-RW hutumia mchanganyiko wa madini unaobadilika hali, nao pia si wa milele. Diski ihifadhiwe wima ndani ya kasha lake, mbali na dirisha. Isibandikwe karatasi ya jina, kwa sababu uzito usio sawa huitikisa inapozunguka. Iandikwe kwa kalamu laini ya wino, karibu na tundu la katikati pasipo na data. Hayo yote yanachelewesha tu. Tiba ni kuihamisha.

Kuhamisha diski iliyofungwa ni rahisi. Iweke kwenye kompyuta yenye trei, na kamwe usiiingize kwenye kile kisomaji cha mwanya kinachovuta diski chenyewe, kama vile cha kompyuta za iMac za zamani au cha redio ya gari, kwa sababu diski ya sentimita 8 inaweza kukwama ndani. Nakili folda nzima ya VIDEO_TS, au tengeneza nakala ya diski yote kama faili moja la ISO, kabla ya kufanya lolote jingine. Hiyo ndiyo nakala kuu, na isifutwe. Kisha, kama unataka kuituma kwa simu, tumia programu ya HandBrake kuigeuza kuwa MP4, ukikumbuka kuwasha kichujio cha kuondoa mistari ya vitana inayoonekana mtu anaposogea. Kinachotumwa kwa WhatsApp ni nakala ya kutazama, si ya kutunza, maana WhatsApp huibana tena.

Diski isiyofungwa inahitaji subira. Kama kamera ipo na inawaka, irudishe humo na uifunge, huku chaja ikiwa kwenye umeme tulivu. Kama diski imeanza kusumbua, usianze kwa kuifunga. Icheze kwanza ndani ya kamera na uinase kupitia waya wa picha na sauti, ili upate angalau nakala hiyo kabla ya kuihatarisha. Kama kamera haipo, programu ya IsoBuster inaweza kuzisoma diski nyingi zisizofungwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta na kuvitoa vipande vya video, ingawa si kila kisomaji cha kompyuta kitaikubali diski hiyo, kwa hiyo inafaa kujaribu vingine kabla ya kukata tamaa.

Kampuni zilijaribu kuirefushia diski maisha. Mwaka 2006 Sony na Panasonic zilitangaza mfumo wa AVCHD wa picha za ubora wa juu, na Sony ikatoa HDR-UX1 iliyouandika kwenye diski hizihizi za sentimita 8. Mwaka 2007 Hitachi ilileta kamera ya Blu-ray yenye diski ya ukubwa huohuo. Ukikutana na diski ya AVCHD, usiiweke kwenye deki ya kawaida ya DVD: watengenezaji wenyewe walionya kwamba deki inaweza kushindwa kuitoa, au kuifuta bila kuuliza. Wakati huo kamera za diski kuu ya ndani, kama ile ya kompyuta, ambazo JVC iliziuza kwa jina la Everio tangu 2004, na kadi za kumbukumbu zilizokuwa zikishuka bei, zilikwisha kuondoa sababu ya kuwa na mota inayozunguka mkononi.

Je, inafaa kununua kamera ya diski leo? Kwa kurekodi, hapana. Simu ya kawaida hutoa picha bora zaidi na haidai diski ambazo zimekuwa adimu madukani. Ipo sababu moja tu ninayoiona kuwa ya kweli: una diski zisizofungwa na umepoteza kamera yake. Hapo tafuta ya kampuni ileile, na ikiwezekana ya modeli ileile au ya mwaka uleule, iliyo ya PAL kama diski zako ni za huku. Usiinunue bila kuiona ikifanya kazi. Nenda na diski tupu ya DVD-RW, rekodi dakika moja, itazame, kisha ifunge palepale dukani. Sikiliza kama diski inazunguka kwa sauti moja au inagonga na kuanza upya, angalia kifuniko kama kinajifunga bila kusukumwa, na hakikisha chaja ni ya kwake, kwa kuwa bila chaja hiyo kazi uliyoinunulia haitafanyika. Betri ikiwa imekufa, omba bei ipunguzwe na uichukue kamera, kwani betri hutaihitaji.